Mvinyo wa Harusi ya Beryl

Mama Beryl,

Leo asubuhi nimeosha tanki la nne. Nimelisugua kwa maji moto na magadi mpaka vidole vikakunjamana. Maandishi yako ya chaki niliyaacha hadi mwisho, kisha nayo nikayafuta. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimekukosea, na siwezi kuendelea kuingia humu kiwandani kila siku kana kwamba halikutokea.

Ile Jumatatu uliyoondoka ulikuwa umeshika kichwa tangu asubuhi, ukisema ni presha tu. Kabla ya kwenda hospitali ulipanda ngazi, ukafungua kifuniko, ukaonja, ukatema kwenye ndoo. Halafu ukaandika ubavuni mwa tanki kwa zile herufi zako kubwa: MSIGUSE. NARUDI ALHAMISI. Ukaniambia, "Wanjiru, pua yako ni ya mbwa lakini moyo wako ni wa kuku. Wachana na hii." Nilicheka. Sikukusindikiza hata hadi getini, nilikuwa na chupa za kufunga.

Sote hapa Kiplombe, Eldoret, tulijua lile tanki ni la mvinyo wa harusi ya binti yako. Pasheni ulizifuata mwenyewe Moiben, ukazichagua moja moja na kuwarudishia wenyewe zote zilizobonyea. Ulisema mtoto wa mwanamke aliyetengenezea watu mvinyo miaka yote hii hawezi kuolewa kwa soda. Bosi akakukubalia, nawe ukawa unakuja hata Jumamosi za mapumziko kuliangalia.

Jumatano ukafa. Wekesa, yule wetu wa kuosha chupa, alikuja akasimama mlangoni na chupa bado mkononi, nikajua.

Tulikupeleka kwenu Ugenya. Mvua ilinyesha tangu tulipofika, nikashinda jikoni na wake wa shemeji zako nikimenya viazi, kwa sababu nje kulikuwa na jeneza na sikutaka kuliona. Tuliporudi kazini, tanki la nne lilikuwa limenyamaza, mvinyo umemaliza kuchachuka. Ule mrija wa juu ulikuwa hautoi tena hata kiputo kimoja.

Sasa hapa ndipo nilipokukosea, Mama. Ulinifundisha vizuri. Mvinyo ukinyamaza, siku hiyo hiyo uuhamishie tanki jingine, uutoe kwenye mashapo, ujaze tanki hadi shingoni, usiuachie hewa hata ya kiganja. Hiyo kazi naifanya hata nikiwa nasinzia. Wekesa akaleta mpira na pampu, akaniuliza, "Tuhamishe?" Nikamwambia hapana, Mama Beryl amesema tusiguse. Akaanza, "Lakini Mama Beryl..." Akarudisha pampu mahali pake.

Kila mtu humu alinisikiliza, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha. Kama ningesema tufungue, tungefungua. Lakini wewe hukuwahi kuacha kazi nusu. Niliona kwamba mradi yale maneno yapo, kuna kitu kimoja bado kinakusubiri, na nikikimaliza mimi, basi umekwenda kweli. Sikuwa tayari uende. Huo ndio ukweli wote, sina mwingine.

Wiki ya pili nikapata harufu. Kali, ya rangi ya kucha. Nilijiambia ni sabuni ya sakafuni. Mimi, mwenye pua ya mbwa. Nilikuwa napita upande wa pili wa chumba ili nisiipate. Wiki ya tatu bosi akafungua mwenyewe. Mvinyo ulikuwa umegeuka siki. Hakunigombeza. Alisema tu, "Wanjiru, hii ulijua," nikasema ndiyo. Afadhali angepiga kelele.

Kisha Beryl akapiga simu kwamba anakuja kuangalia mvinyo wake. Siku mbili nilitunga uongo. Kifuniko kilikuwa kibovu. Stima zilipotea. Joto lilizidi, na hapa Eldoret mwezi wa saba sisi huvaa sweta mbili. Hata uongo sijui kuutengeneza. Akaja amevaa koti lako la samawati, lile lenye kifungo cha rangi nyingine, na nilipoliona nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama pale pale mlangoni.

Alipanda ngazi, akachota kikombe, akanywa. Hakutema kama sisi. Akameza, machozi yakamtoka, sijui ni siki au ni nini. Akashuka, akakaa kwenye kreti uliyokuwa ukikalia wakati wa chai. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

Akasema, "Anti, hata mimi simu ya Mama sijaizima. Kila siku naichaji. Watu wakipiga naangalia tu ikilia."

Tulilia, Mama, kama watoto walionyang'anywa kitu. Wekesa alichungulia akarudi nje. Tulipomaliza, Beryl akapangusa pua kwa mkono wa koti lako na akaniambia nimwage, nioshe, nianze upya, kwa sababu harusi bado ni Desemba na yeye hataolewa kwa soda. Kisha akatoa simu yako mfukoni, akaizima mbele yangu.

Siki nyingine wafanyakazi wamebeba ya kachumbari. Mimi sikubeba.

Bado natamani kuona jinsi ulivyokuwa ukibandika sikio kwenye tanki na kutuambia tunyamaze. Natamani hata ugomvi wako. Nikionja sasa nageuka kukuuliza, halafu namkuta Wekesa, naye anaangalia chini.

Kesho kutwa naenda Moiben kuchukua pasheni. Nitazichagua moja moja na wakulima watanichukia kama walivyokuchukia. Nakuahidi mvinyo ukinyamaza nitauhamisha siku hiyo hiyo, hata nikiwa nalia. Na jambo moja usinikasirikie. Siku ya harusi wageni wakiuliza mvinyo huu ni wa nani, sitasema ni wako, kwa sababu wako niliuharibu. Nitasema ni wangu mimi Wanjiru, na ukiwa mbaya wanilaumu mimi.

Lala salama huko Ugenya, Mama Beryl.

Wanjiru