Breki ya Mama Zuhura

Jumapili, baada ya Isha

Tena leo gari imejifungia breki yenyewe, pale mtaani Jabe, kwa sababu ya mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo. Pikipiki iliyokuwa nyuma nusura ituingie. Fundi anasema kamera ya mbele, ile inayofunga breki, iko sawa. Sawa gani hiyo? Inaogopa mifuko, inaogopa mbuzi, kisha inanikaripia kwa Kijapani.

Lakini si hilo linalonikosesha raha.

Mchana tulikuwa tunapanda mlima kwenda Bugarama, mimi na mke wangu, Mama Zuhura. Mbele yetu lori, na nyuma yake vijana wa baiskeli wameishikilia iwavute mpaka juu, kama kawaida yao. Mmoja akateleza, akaanguka mbele yetu. Gari kimya. Haikulia, haikufunga chochote.

"Kanyaga frein, Baba Zuhura! Mutu!"

Nikakanyaga breki. Tulisimama karibu kabisa na kichwa chake. Aliinuka, akajipangusa magoti, akatupungia mkono, akaenda kungojea lori nyingine.

Miaka yote namcheka mke wangu kwa kukanyaga sakafu ya gari, utadhani ana breki upande wake. Hata leo asubuhi nilimwambia, "We tulia, gari hii ina macho."

Alhamdulillahi, hakutulia.

Sasa hivi nimetoka kumkanda mguu kwa maji ya moto. Unamuuma, alivyokanyaga ile sakafu. Anasema ni yeye aliyesimamisha gari.

Nikamwongezea maji ya moto.