Saa za Usiku Nilizozisahau

Baba Njeri,

Najua ungeniuliza habari za msitu kabla hujaniuliza habari zangu, kwa hivyo naanza na huo. Watoto wa mwenye shamba wameuza. Wiki iliyopita wapimaji walipita katikati ya misonobari yetu wakiweka bikoni za saruji za mipaka ya viwanja, na jana nimekuta mti mmoja umeandikwa namba ya kiwanja kwa rangi nyekundu. Kutoka Mugutha mpaka huku sasa ni nyumba tupu, wewe mwenyewe uliziona zikija. Wenye misumeno wanangoja tu tuondoe mnara wetu wa kupimia hewa, na tunauondoa Jumatano.

Sijalia. Nimekasirika. Nimewakasirikia wapimaji, madereva wa lori, na hata wewe, kwa kuondoka wakati nina mambo mengi hivi ya kukuuliza.

Ile misonobari iliyosongamana karibu na mnara, uliyoiita wasichana wa bweni, sasa imenipita. Ncha zake nazifikia kwa kunyoosha mkono. Mwingine mmoja umeinama kwa sababu fundi wa waya aliuegemezea ngazi yake. Ungemgombeza huyo mpaka ashuke mwenyewe.

Unakumbuka siku niliyofika? Nilitoka Kamenu na digrii yangu na buti zisizo na tope, nikakukuta wewe, mlinzi wa siku nyingi ambaye walimfanya msaidizi wa mnara kwa sababu wengine wote waliogopa kupanda. Nikakusomesha karibu saa nzima. Nikakueleza kwamba ile mashine ya juu inaonja hewa, inahesabu kila nusu saa ni hewa kiasi gani ya kaboni imeingia msituni na kiasi gani imetoka. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Kwa hivyo tunapima pumzi yake." Mimi nilitumia miaka minne chuoni kufika hapo.

Nikakueleza pia kwa nini msitu ulioungua, kama huu wetu, hutoa kuliko unavyovuta. Visiki vya zamani vinaoza, udongo unaendelea kutoa, na hii miche iliyojiotea yenyewe baada ya moto ina majani machache mno kufidia. Mchana inavuta kwa bidii. Usiku kila kitu kinatoa. Ukijumlisha, ni hasara. Ulitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za mgonjwa. "Basi bado inakohoa," ukasema.

Tangu hapo kila Jumatatu ilikuwa ni swali hilo hilo: "Mami, hii wiki imekohoa ama imekunywa?" Nami nakujibu imekohoa, nawe unasema, "Haya, tungoje," unachukua kitambaa chako na kupanda mnara.

Nilidhani ni udadisi tu wa mzee. Mpaka siku ile tukiwa juu, tunafunga waya, ukaniambia bila kunitazama kwamba moto ulioteketeza msitu wa kwanza ulianzia kwenye mzinga wako. Moshi wa kufukuzia nyuki. Ulidhani umeuzima, ukabeba asali yako ukaenda nyumbani. Hakuna aliyejua ila Mama Njeri. Ulisema, "Nataka tu nione imerudi mahali ilikuwa, hata siku moja, kabla niende." Nikakupa koleo.

Halafu ukalazwa. Nilikuja kukuona wiki ya tatu, na Mungu anajua nilishtuka, maana shati lako lilikuwa limebaki na mifupa tu. Asubuhi ile nilikuwa nimechukua hesabu za mashine kwenye kisanduku cha chini, bila kupanda mnara, nikazijumlisha nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, kompyuta magotini. Jumla ikatoka chini ya sifuri. Kwa kazi yetu, chini ya sifuri maana yake msitu unavuta. Nilijumlisha tena, ikawa vile vile. Niliingia wodini mbio mpaka nesi akanifokea.

"Imekunywa, Baba Njeri! Imekunywa!"

Ulifunga macho ukatabasamu. Ulinishika mkono ukasema, "Asante, mami. Sasa imetosha." Ukafariki Ijumaa.

Tulikuzika Kalimoni. Njeri aliandika kwenye historia ya maisha yako kwamba uliishi hadi ukauona msitu wako ukipona, na pasta aliposoma mstari huo watu wote wakasema amina. Nami nilisimama pale na karatasi ya ratiba mkononi, nikijivuna. Kwenye mazishi yako nilikuwa najivuna.

Wiki iliyofuata nilirudi mnarani. Nilipopanda nikakuta ile sola inayochaji betri ya mashine haionekani. Ilikuwa imefunikwa na vumbi la lori za mawe, juu yake mavi ya ndege, juu yake vumbi tena. Nilipitisha kidole, kikaacha mfereji. Nikaketi pale juu.

Kile kitambaa chako cha kila Jumatatu, mimi niliona ni kazi ya usafi tu. Bila wewe sola haikupata jua la kutosha, betri ikawa inaisha giza likiingia, na mashine inalala mpaka asubuhi. Wiki tatu nzima tulipima mchana peke yake. Na mchana msitu wowote unavuta, hata ule mgonjwa. Saa za usiku zilikuwa tupu, nami nikazijumlisha zikiwa tupu, kana kwamba usiku msitu hufunga mdomo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona kosa hilo. Mimi sikuliona kwa sababu sikutaka kuliona.

Nimerudia hesabu, nikajaza saa za usiku kwa makadirio, kama tunavyofundishwa. Ni hasara. Ni ndogo kuliko ile ya mwaka niliofika, lakini ni hasara. Labda mwaka ujao msitu ungevuka sifuri, labda baada ya miwili. Hatutajua kamwe, maana ufikapo wakati huo patakuwa na sebule na geti za chuma.

Nilikaa na jambo hili moyoni mpaka likaninyima chakula. Jumapili nikabeba mkate, sukari na maziwa nikaenda kwa Mama Njeri, nimeamua kumwambia kila kitu. Alikuwa anachagua maharagwe. Nikaeleza yote, sola, betri, usiku, mpaka mate yakanikauka. Hakuinua kichwa.

"Alijua," akasema.

Nikadhani hajanielewa. Akasukuma sinia pembeni, akanitazama. "Ulipotoka tu wodini aliniambia, 'Huyu msichana amesahau usiku. Hiyo sola haijapanguswa tangu nilazwe.' Nikamwambia akupigie simu. Akakataa. Akasema, 'Wachana naye, Mama Njeri. Amefurahi.'"

Nilitembea mpaka barabarani bila kuaga vizuri. Sijui chai aliyoniwekea ilinywewa na nani.

Kwa hiyo hukupumzika. Uliondoka na moto wako vile vile ulivyoubeba miaka yote, na nguvu kidogo uliyobaki nayo ukaitumia kunitabasamia mimi. Ningekuwa nimenyamaza, ungekufa ukingoja, na kungoja angalau kuna kitu ndani yake. Watu wananiambia muda utaniponya. Muda ndio tuliokuwa tunauhitaji mimi na wewe, na umeshauzwa kwa vipande.

Jumatano nitaishusha ile mashine kwa mikono yangu, sitamwachia fundi. Nakuahidi kwamba ripoti ya mwisho itakuwa na saa zote za usiku, na kwamba nitaandika ndani yake ni nani aliyeligundua kosa kwanza, akiwa kitandani, bila kompyuta. Siri ya mzinga nitakaa nayo. Sidhani kuna atakayeisoma ripoti hiyo, lakini nitaiandika.

Na nakuahidi sitamfurahisha tena mgonjwa yeyote kwa jambo ambalo sijalihakikisha. Uliniuliza kwa moyo wako wote, nikakujibu vibaya, nawe ukanishukuru. Pokea basi jibu langu upya, hata kama ulikuwa nalo tangu siku ile: hapana, Baba Njeri. Msitu haukufika.

Kwaheri.

Wambui