Rafiki Yangu Hataki Gari Lipone

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanicheka, maana jambo lenyewe ni la gari bovu lakini usingizi umenipaa kana kwamba ni la ndoa. Mimi ni seremala, na nyuma ya karakana yangu ipo pikapu ya marehemu baba, ambayo ilikaa juu ya matofali miaka mingi mpaka kuku wakaifanya nyumba, nami sikuwa na moyo wa kuiuza wala ujuzi wa kuiamsha. Mwaka jana rafiki yangu niliyesoma naye, tunayemwita Taratibu kwa sababu ndilo neno lake kwa kila jambo, alistaafu ufundi wa magari, akaja akaizunguka, akagonga bodi kwa kidole, akasema, "Gari hili halijafa, limezirai tu." Tangu hapo kila Jumamosi yuko kwangu, tumefukuza kuku, tumekwangua kutu, yeye ameshusha injini na kuipandisha, mimi nimetandika mbao mpya kule nyuma, tunacheka, tunabishana, mke wangu anatuletea chai, na siku injini ilipokubali kuwaka na moshi ukajaa ua mzima, sote watatu tulisimama pale tukikohoa kwa furaha kama watoto.

Basi mshauri, tangu siku ile gari limekuwa mgonjwa wa ajabu. Jumamosi hii linawaka, ijayo limezima, mara mafuta hayapiti, mara breki zimeshika, na rafiki yangu kila akiingia chini yake anatoka na ugonjwa mpya. Mke wangu ana bustani ya miche ya miti, huipeleka sokoni kwa mkokoteni wa kukodi, anausukuma mwenyewe na mgongo wake umeanza kulalamika, nami nilimwahidi kwamba pikapu ikipona itafanya kazi hiyo, kwa hiyo alivumilia, akavumilia, hadi akaanza kuniuliza kwa upole kama shemeji yake anaijua kazi kweli.

Jumamosi iliyopita nilitoka kumpelekea mteja mlango, sikumkuta, nikarudi mapema kupitia uani, nikamwona rafiki yangu ameinamia injini anachomoa waya tulioufunga pamoja asubuhi ile ile, akausukuma ndani pasipoonekana, na uso wake, mshauri, haukuwa wa mtu mwovu, ulikuwa wa mtu aliyechoka. Mimi badala ya kumuuliza nilirudi nyuma hatua kadhaa nikakohoa kwa nguvu ili apate nafasi ya kufunga boneti, kisha tukashinda mchana kutwa tukitafuta ugonjwa ambao kila mmoja wetu alikuwa anaujua.

Jioni nilimweleza mke wangu. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwambie wewe kabla ya Jumamosi. Usipomwambia nitamwambia mimi, na mimi sitaanza na chai." Namwogopa mke wangu zaidi akiwa mtulivu. Lakini rafiki yangu alifiwa na mkewe muda mfupi tu baada ya kustaafu, sasa anaishi kwa binti yake, chumba cha uani, na mkwe wake ni mtu mwema ila hawana mazungumzo. Nikimuumbua nitampoteza, nikinyamaza nitamvunja mke wangu mgongo, na siku zinakwenda. Nifanye nini?

Seremala aliye njia panda

*

Seremala,

Pole. Sasa tukae sawa. Waya ulichomolewa na mtu mmoja, lakini mlioificha siri ni wawili. Aliyedanganywa hakohoi ili kumpa mwongo nafasi. Wewe nawe unalipenda gari hilo likiwa bovu, kwa sababu hujui likipona mtakutana kwa kisingizio gani. Watu wazima, marafiki tangu shule, na bado mnahitaji injini mbovu ili mkae pamoja.

Sikulaumu kwa kumhurumia rafiki. Nakulaumu kwa kuwa huruma yako anaibeba mkeo. Wewe na mwenzako mnapata mazungumzo, yeye anapata mkokoteni, halafu analeta na chai. Ni rahisi kuwa mkarimu kwa mgongo wa mwingine.

Wala usimpambe rafiki yako. Ana majonzi, ndiyo, na upweke unaweza kumfanya mtu afanye mambo ya kitoto. Lakini anayezoea kuchezea gari kwa siri, ipo siku mkono utateleza ufike kwenye breki, na atakayekuwa nyuma ya usukani ni mama watoto wako. Hilo mnasubiri litokee?

Kwa hiyo usimwachie mkeo kazi hii. Sema wewe, mkiwa wawili tu. Usimuulize kwa nini; jibu unalo, na ukimuuliza utamlazimisha atunge uongo wa pili. Mwambie hivi: "Nilikuona ukichomoa waya, nikanyamaza, kwa hiyo nami nimekosa. Jumamosi tunaimaliza kazi." Halafu nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Akikasirika mwache akasirike. Fundi hafurahii kuharibu kazi ya mikono yake mwenyewe. Mimi nadhani atashusha pumzi.

Jumamosi aurudishe waya yeye mwenyewe, akague gari zima, breki kwanza, na safari ya kwanza ya sokoni akae pembeni ya mkeo amfundishe tabia za gari hilo. Kabla ya safari amwombe radhi shemeji yake, na wewe umwombe pia. Wala msiogope kukosa kazi. Gari la umri huo huugua lenyewe, halihitaji kusaidiwa.

La mwisho nimelitafuta katika barua yako nisilione. Kila Jumamosi yeye huja kwako. Hujaandika popote kwamba uliwahi kwenda kwake. Basi usimngoje. Leo ukifunga karakana nenda, wasalimie binti yake na mkwewe, ingia katika hicho chumba cha uani, kaa kitandani kama hakuna kiti, na maneno ya waya uyaseme humo humo. Ukishayasema usiinuke. Kaa naye mpaka mpate jambo la kuzungumza lisilo gari.