Kumtoa Opio

Jumatatu, 9 Juni
Sketi za shule zimebaki pindo tu. Nashonea mlangoni, mgongo ukutani. Siku hizi simpi Opio kisogo. Kaka yangu, pacha wangu. Mkasi naulalia chini ya godoro.

Tangu asubuhi anaongea na redio isiyo na betri. Anasema Mama Taaka, mwenye nyumba, anatutilia dawa kwenye maji. Jerikeni niliyoteka kisimani ameimwaga uani. Nikateka tena. Mama akasema nimwache, atachoka mwenyewe.

Vidonge amekataa. Tena.

Jumatano, 11 Juni
Opio alikuwa dereva wa lori. Foleni ya malori mpakani Malaba ikikwama, yeye ndiye aliyekuwa akichemsha chai, na madereva wenzake wanamzunguka kusikia vituko vyake. Mwaka jana aliacha lori katikati ya barabara, akarudi nyumbani kwa miguu, bila viatu. Hajawa yule yule tena.

Leo amepiga mlango wa jirani kwa mpini wa jembe. Jirani huyo, dada anayeuza nyanya, alijifungia ndani analia. Mama Taaka akaja.

"Adongo, mimi pia ni mzazi," akaniambia. "Lakini wapangaji wangu wanahama. Mtoe kaka yako, au mtoke wote."

Hakupaza sauti. Afadhali angepiga kelele, ningepata cha kumjibu.

Ijumaa, 13 Juni
Baba mdogo amekuja kutoka Sop Sop, kijijini kwetu. Amesikia habari. Anasema huko Buteba kuna mahali pa maombi, watu kama Opio hufungwa kamba kwenye nguzo mpaka watulie. Mama akachezea ncha ya leso yake.

Nikakataa. Opio si ng'ombe.

"Basi wewe una njia gani?" baba mdogo akauliza.

Nikarudi kwenye sketi zangu.

Jumapili, 15 Juni
Sitaki kuandika hii.

Tulitoka kanisani. Mama akampakulia ugali. Opio akasema una sumu, akamsukuma. Mama akaanguka kizingitini, mkono ukawa chini yake. Niliusikia mfupa. Sikujua kwamba mfupa una sauti.

Halafu Opio akapiga magoti. "Mama, nani amekuangusha? Niambie nani!" Alikuwa anauliza kweli. Akalia kuliko Mama.

Kwa daktari Mama alisema aliteleza. Nikasema hapana, ni kaka yangu. Njia nzima ya kurudi hakunitazama. Mkono una plasta mpaka kwenye kiwiko. Daktari anasema Opio apelekwe hospitali kubwa Tororo, kuna wodi ya wagonjwa wa akili, na tusingoje.

Leo nimemchukia. Nimemchukia, na bado nikamwekea chakula.

Jumatatu, 16 Juni
Nimemwona mwenyekiti wa kijiji. Anaweza kuita askari. Nimewahi kuona askari wakimchukua mtu wa aina hii sokoni. Walimburuta kama gunia.

Opio hamwamini mtu isipokuwa mimi. Maji nikiyaonja mimi kwanza, anakunywa.

Basi itakuwa mimi.

Jumanne, 17 Juni
Imekwisha.

Nilimpa chai, nikamwambia lori lake limepatikana. Mwenye lori anamngoja Malaba. Uso wake uling'aa. Akaoga, yeye ambaye maji alikuwa anayakimbia. Akatoa shati lake la kazi, akaniomba nimpigie pasi, hasa kola. Nikapiga. Kola nikairudia mara mbili.

Tulikodi gari. Baba mdogo na mwenyekiti walikaa nyuma yetu. Opio alikuwa dirishani, kila lori anataja aina yake na mzigo wake. Akanisimulia habari ya dereva aliyelala kwenye foleni, akaamka magari yote ya mbele yameondoka na ya nyuma yanampigia honi. Nilicheka. Sikuigiza. Kwa kipande kile cha barabara alikuwa Opio mwenyewe. Nilitaka kumwambia dereva ageuze.

Tukapita Malaba bila kusimama.

"Adongo, Malaba inabaki nyuma."

Nikamweka sawa kola.

"Adongo. Tunakwenda wapi?"

Nikatazama mbele. Mwamba wa Tororo ulikuwa umeshaonekana.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Hakupigana. Alishuka mwenyewe pale hospitalini, akanyoosha shati, akaniangalia.

"Ungeniambia tu. Mimi ningekuja."

Sijui kama ni kweli. Sitajua kamwe. Muuguzi akamshika mkono, wakaingia, mlango ukafungwa.

Jumamosi, 28 Juni
Nyumba kimya. Yule dada wa nyanya ananisalimu tena. Mama Taaka ameleta samaki, ameparua magamba kabisa. Mama hakula.

Nimelala usingizi mzuri wiki hii. Naona aibu.

Jumamosi, 12 Julai
Hospitali imemruhusu. Ametulia. Atachomwa sindano kila mwezi, asikose. Ulimi wake mzito, vidole vinatetemeka.

Mama Taaka amesema Opio hawezi kurudi kwenye ploti yake ya nyumba za kupanga. Nami nikasema asirudi. Nimesema kwa mdomo wangu, mbele ya Mama. Aende Sop Sop, kwenye nyumba ya marehemu baba. Baba mdogo yuko karibu, na zahanati haiko mbali.

Mama hakubisha. Akaanza kukunja nguo kwa mkono mmoja. Nilidhani anakunja za Opio. Zilikuwa zake.

"Mama, unakwenda kukaa na mtu aliyekuvunja mkono?"

"Wewe unaweza kukaa peke yako," akasema. "Yeye hawezi."

Sikumzuia. Mkono ule haukuweza kufunga fundo, nikamfungia mzigo mimi. Opio alinitangulia kuzaliwa, mimi nikapewa jina la anayebaki. Leo nimebaki.

Jumatano, 16 Julai
Nimepika ugali wa watu watatu. Mazoea.

Jumapili, 3 Agosti
Nimekwenda Sop Sop. Karanga zimevunwa, kila uani zimeanikwa. Mama na Opio walikuwa kwenye mkeka wanabangua. Mama ametolewa plasta, ule mkono umekuwa mwembamba kuliko mwenzake. Opio amenenepa. Ni ile dawa. Amenyolewa vizuri, na mtu aliyemnyoa amekuwa na subira naye.

Nilimsalimu. Akaitikia polepole, anatafuta neno. Nikavua viatu ili nikae nao pale chini.

Opio akamgeukia Mama.

"Mama, mletee mgeni kiti."

Mama akasita kidogo. Halafu akaingia ndani, akarudi na kiti, akakipangusa vumbi kwa leso yake, akakiweka kando ya mkeka.

Nikashukuru. Nikakaa kwenye kiti. Opio akanichotea karanga kiganja kizima, akanipa kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mgeni.

Nikala. Zilikuwa mbichi bado, tamu.