Kitu Yenye Mutoto Alifunga mu Mukono

Bunia, nyuma ya mvua ya asubui

Yaya yangu Generoza,

Nakuamkia toka huku mbali na mikono yote mbili, kama vile mama alitufundisha. Mugulu yako inaendelea namna gani? Bado unaenda ku shamba na fimbo, ao ubishi imekurudia na umeiacha nyumbani? Muzee wako, kikohozi imemuachia? Magari inapita hapo Niania, ao barabara imekuwa nyasi tupu? Unijibu neno kwa neno, juu mimi nikikosa habari, naiunda mwenyewe, na yote yenye naunda ni mabaya.

Huku siye tuko. Masasi imepunguka, mutu anaweza kwenda ku soko na kurudi na viatu yake yote mbili. Esperanse amenipita urefu. Baba yake anatengeneza makinga, baiskeli ya watu, chini ya ukuta kama zamani, anakusalimia, mikono imejaa mafuta.

Sasa ukae muzuri ku kiti. Mudogo wako ameandika kitabu.

Usicheke! Nakusikia kabisa. Mimi mwenye kuacha masomo mwaka ya ine. Lakini ni kweli, kitabu, na jina yangu juu. Ni nyembamba, parokia iliipiga chapa na ile mashine yao ya mukono, ukiisoma wino inabaki mu vidole. Mwalimu wa katekisimu alinyoosha maneno yenye ilipinda. Ya kwake hakuongeza, nilimukatalia.

Ilianza hivi. Unajua ginsi napenda redio. Kila siku inasema watu wamekimbia upande huu, watu wamerudi upande ule. Mimi naiuliza, "Walibeba nini?" Baba Esperanse anasema, "Mama, hii kitu haina masikio." Lakini mimi njo ile nilitaka kujua. Nani alikimbia na sufuria, mboga ingali inachemka ndani? Nani alirudi kufunga mulango ya nyumba yenye haina tena kitu? Redio inahesabu watu, haiangalie mikono yao. Basi nikakamata biki, nikaanza kuandika.

Na kulikuwa sababu ingine, kubwa. Hujui bado kama nyumba yetu iliongezeka mutu. Wakati tulikimbia, mu barabara ya Marabo, masasi ililia nyuma yetu, watu wote wakaingia mu nyasi sawa kuku. Nilipotoka, mutoto mwanamuke alisimama katikati ya barabara, pekee yake, bado mudogo wa kubebwa. Halii. Mukono ya kuume ameifunga nguvu, kama vile ameshika panzi. Nikaita, "Mama ya mutoto! Mama ya mutoto!" Wapi! Nikamufunga mu mugongo na kikwembe. Tuliporudi Bunia, tulirudi naye. Jina yake hakuisema, na maneno yake ilikuwa kidogo sana, mingi alisema na kuku. Tukamuita Bahati. Siku moja nikimuosha njo aliniachia nione kitu ya mu mukono, kisha akafunga tena.

Ni nini? Subiri, yaya. Utasubiri kama wengine.

Niliandika ile kitabu ili mama yake aisikie, popote iko. Niliandika barabara, nyasi, rangi ya nguo ya mutoto. Vitu mbili tu sikuandika. Kwanza kabila. Hapa watu wanauliza ile mbele ya kuuliza jina, na jibu yake inaweza kuua. Na mimi sikuijua, sikutaka kuijua. Pili, kitu ya mu mukono. Niliandika tu: mukono imefungwa, mama yake njo anajua iko nini ndani. Mutu akikuja kusema mutoto ni wake, nitamuuliza ile.

Sikujua kama nawasha moto! Niliisoma kwa sauti ku soko, katikati ya wamama wa mboga ya lengalenga. Nilipofika ku ule mukono na kufunga kitabu, mutu mumoja mwenye kuchimba dhahabu akaruka:

"Mama, ni dhahabu! Mutoto alishika dhahabu!"

"Weye, hata mbinguni utafika na pauro ya kuchimba," Mama Sidonia wa samaki akamujibu.

"Basi ni bomboo ya sukari."

"Bomboo ikae mu mukono ya mutoto toka Marabo mpaka Bunia? Weye hujazaa."

Wote wakanigeukia. "Mama, sema sasa!"

"Muulize mama yake."

"Mama yake iko wapi?"

"Njo nami nauliza."

Kutoka siku ile kitabu ikatembea. Watu wananunua moja wakiwa watatu, wanagombana wakifika ku ule mukono. Hata ku bariyeri ya barabara, kijana mumoja na bunduki yake akanisimamisha. "Mama ya kitabu, mu ule mukono iko nini?" Nikamuambia, "Mwana yangu, weye ukiwa mudogo ulikuwa unashika nini?" Akafikiri, bunduki imeangalia chini. "Sikio ya mama," akasema. Kisha akaona haya, akapiga kelele, "Pita! Pita upesi!"

Mimi pia nasoma, yaya. Vitabu ya masomo iliibiwa, sasa wamama wanafungia karanga ya chumvi mu karatasi yake. Nanunua karanga juu ya karatasi. Nilipata habari ya muwindaji mwenye alikutana na nyati, karatasi ikaishia hapo! Nikarudi kula karanga mpaka tumbo ikauma, mwisho ya nyati sikuipata, mpaka leo sijui nani alimukimbia mwenzake. Na siku moja nafungua karanga, naona maneno yangu. Ukurasa ya mukono! Nikaenda mbio.

"Mama Karanga, unapasua kitabu yangu?"

"Dada, usikasirike, inaenda sana! Watu wanachagua ya kwako. Wenye magari wameibeba mpaka Fataki."

Nilirudi na hasira, na Baba Esperanse akacheka mpaka pompi ya baiskeli ikamuanguka. "Mwandishi wa chumvi," njo ananiita sasa.

Wamama walikuja, yaya. Si mingi. Mumoja alisema mutoto alishika mukufu ya nyanya yake. Nikatikisa kichwa. Alijua mwenyewe, tangu mulangoni alijua mutoto si wake. Akaniomba, "Nimubebe kidogo tu." Nikamuachia. Tukakula bugali pamoja, akaenda, sikujua kumufariji. Na weye pekee nakuambia: kila mara nilipotikisa kichwa, moyo yangu ilikaa chini kupumuzika. Mudomo iliita mama ya Bahati ku soko, na moyo ilimuomba asikuje.

Akakuja. Juma iliyopita, mvua imekatika, mwanamuke akasimama mu lupango, mbele ya nyumba yetu. Mutoto mu mugongo, bidoni ya manjano ya maji ku kichwa, ameiziba na gunzi ya mahindi. Mu vidole alishika karatasi ya mafuta na chumvi.

"Nani aliandika hii karanga?"

"Ni mimi."

"Mimi sijui kusoma. Mutu mu gari alinisomea, kule Fataki."

Nikamukaribisha, hakukaa. Basi nikauliza lile neno langu. "Mutoto alishika nini?"

Akashusha bidoni, akang'oa gunzi, akaangalia ule mudomo ya bidoni.

"Huyu alikuwa mu mugongo," akasema. "Maji ku kichwa. Mukono ya kumushika ule mukubwa sikuwa nayo. Alitaka kulia. Nikamupa kazi. Nikamuambia, shika kifuniko, usipoteze, tukifika tutafunga maji."

Ni kifuniko, yaya. Kifuniko nyekundu ya bidoni, njo ile tu.

Bahati alikuwa nyuma yangu, ameshika sketi ya Esperanse. Akatoka. Hakwenda kwa mama yake, alienda ku bidoni. Akaweka kifuniko, akaizungusha na mikono mbili mpaka ikakataa kuzunguka. Kisha akainua kichwa, akamuangalia.

"Mama, tumefika?"

Yule mama akaanguka na magoti mu matope. Ni Baba Esperanse, mwenye kucheka kila kitu, alisema toka ku ukuta, "Mumefika, mwana yangu," akageuka kutafuta kifungulio ya makinga yenye ilikuwa tayari mu mukono yake.

Jina ya kweli ya Bahati ni Riziki. Walilala kwetu siku kidogo. Majirani wakapita mumoja mumoja kuniuliza, "Yule mama ni wa kabila gani?" Nikajibu, "Wa bidoni ya manjano." Jana gari ikapatikana ya kuwafikisha kwa kaka yake. Nilijitahidi, yaya, niliwafungia muhogo na karanga, nilisema maneno mingi juu ya baridi na juu ya kofia ya mutoto. Mama ya Riziki akaniangalia. Akafungua bidoni yake, akaiziba na ile gunzi ya zamani, na kifuniko akaniwekea mu mukono, akanifunga vidole kimoja kimoja.

"Shika, usipoteze," akaniambia. "Tukifika fasi ya kukaa, nitakuja kuikamata."

Nakutumia kitabu moja pamoja na hii barua, inazunguka kupitia Beni. Usomee wasafiri wenye kulala hapo kwenu, na wakikuuliza juu ya mukono, wacha waseme dhahabu. Unisalimie muzee wako na kikohozi yake, shangazi mwenye kutulea, na ule muke wa kaka mwenye kuniandikia barua yangu zamani, umuambie sasa naandika mwenyewe. Mungu akulinde ku barabara na ku shamba, na ushike ile fimbo.

Usishangae kama maneno imepinda na karatasi inatembea ku meza. Naandika na mukono moja. Ule mwingine nimeufunga.

Mimi mudogo wako mwenye kukupenda,
Mama Esperanse