Mwaka Uliokamilikia Stesheni

Mpendwa Yaya Mbuyi,

Barua hii naiacha wazi, bila bahasha, makusudi. Sijui uko wapi. Nimewapa nakala wafanyabiashara wanaoelekea Kasai, na padri ameahidi kupeleka nyingine kwenye parokia za huko, isomwe baada ya matangazo. Kwa hiyo wewe unayeisoma njiani, soma tu, haina siri. Ila ukimjua Mwalimu Mbuyi wa darasa la sita, aliyekaa Dilala kwenye nyumba za kampuni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, mfikishie. Mfikishie upesi, tafadhali.

Yaya, dada mkubwa niliyempata kwa ujirani, ni Agosti tena na mimi situlii. Naketi, nasimama, nafungua mlango, sioni nilichofuata, nafunga. Kalenda ya parokia iko mezani tangu juzi. Agosti ni mwezi wetu wa kupanga mwaka wa shule, wewe na mimi, kwenye baraza lako, na sijawahi kuupanga peke yangu.

Unakumbuka Agosti yangu ya kwanza? Nilikuwa nimetoka kusomea ualimu, kichwa kimejaa, nikakuletea mpango wangu wa masomo ulioandikwa kwa wino wa rangi mbili. Somo kila siku, kuanzia Septemba hadi mwanzo wa Julai, bila kuruka hata moja. Uliusoma umesimama mlangoni, mwiko mkononi, ukacheka mpaka bukari, ugali wetu, ikaanza kuungua.

"Mudogo, siku ya Noel weye utafundisha batoto ba nani? Mwaka ya shule haiko mwaka ya Mungu. Ya Mungu haina congé, haina likizo!"

Nilinuna. Mimi ni mwepesi wa kununa, unanijua. Lakini ulinikalisha ukanionyesha. Anza mwisho, ulisema, kwenye siku ya mtihani, urudi nyuma. Toa Jumapili. Toa Watakatifu Wote, toa Krismasi, toa Pasaka ambayo kila mwaka inahama kama mpangaji. Toa siku za mvua kubwa ambapo nusu ya darasa haiji. Toa wiki ya malaria, kwa sababu kila mwalimu ana wiki yake. Nilipomaliza kutoa, mwaka wangu ulikuwa umekonda hivi kwamba niliogopa. "Hii njo mwaka yako," ulisema. "Iko kidogo, lakini iko ya kweli."

Halafu ukaja mwaka huu uliokwisha. Mishahara ilikoma, mashine mgodini zikanyamaza, na watu wakatafuta wa kumlaumu. Wakawapata ninyi wenye asili ya Kasai. Baba yako aliletwa hapa na kampuni kuchimba shaba, wewe ukazaliwa hapa hapa, mumeo vilevile, na bado vijana walikuja mlangoni kwako asubuhi wakasema, "Murudie kwenu."

"Kwetu ni wapi?" uliwauliza. "Mi nilizaliwa nyuma ya ile shule."

Kabla ya saa sita sufuria zako zilikuwa nje. Mimi na mume wangu ni watu wa kaskazini ya Katanga hii hii, kwa hiyo mlango wetu haukugongwa. Niliwatazama wale vijana, Yaya. Wawili walipita darasani kwako. Mmoja ulimfundisha kushika kalamu. Mpaka leo nikimwona sokoni nageuka na hasira yangu, narudi nyumbani.

Mkaenda kulala stesheni, familia kwa mamia chini ya maturubai ya plastiki, mkingoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Darasa letu la sita likagawanyika, watoto wako huko nawe, waliobaki shuleni na mimi. Nilipokufuata nilidhani nitakukuta unalia. Nilikukuta unapanga mwaka. Ulijua kwamba mtoto wa darasa la sita akifika Kasai bila cheti cha mwisho atarudishwa nyuma, na mwanao Kapinga alikuwa mmoja wao. Nilikugombeza. Watu wanalala chini, nilisema, na wewe unawaza alama za shule!

"Nyumba balitwaa," ulinijibu. "Mwaka ya mutoto habatatwaa."

Basi nikawa naja kila alasiri, chaki zangu zimefichwa kwenye kikapu chini ya sombe, majani ya muhogo, maana mume wangu aliogopa nikionekana. Ubao wako ulikuwa ukuta mweusi wa ghala la mizigo. Na hapo uligeuza kila kitu ulichonifundisha. Hukuweza tena kuanza mwisho, kwa sababu mwisho haukujulikana. "Treni inaweza kuya kesho," ulisema. "Tuanze na bile bya nguvu, bile bya mutihani." Mkasoma asubuhi na alasiri, Jumamosi na likizo ya Pasaka pia. Jumapili tu ndiyo uliwapumzisha, tena wakinung'unika.

Siku moja ulifundisha kuhesabu siku kati ya tarehe mbili. Kapinga, anayetafuna penseli kama muwa, akanyoosha mkono.

"Mama, kutoka siku tulifika hapa mpaka siku treni itakuya, ni siku ngapi?"

Hata wazazi waliokuwa wakipika karibu waligeuka.

"Tarehe moja inakosa," ulisema. "Hii problème, tuiache kwanza."

Watoto walicheka. Na wewe ulicheka, kisha ukanipa mgongo ukafuta ukuta, ukaufuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mtihani wa mwisho uliwapa mapema. Nilizibeba karatasi kwenye kikapu nikazisahihishe nyumbani. Siku chache baadaye, Alhamisi mchana, treni ikaja. Mimi nilikuwa darasani. Nilipofika jioni palikuwa na majivu ya majiko na hesabu zako za asubuhi hiyo ukutani. Sikukuaga. Hilo linaniuma, Yaya, linaniuma kila siku.

Sasa sikiliza nililotaka kukuambia tangu mwanzo. Mwisho wa mwaka walimu tuliobaki tulikutana, na mkuu wetu wa shule akasoma majina ya watoto wako. Mbele ya kila jina alikuwa ameandika "ameacha masomo."

Nilisimama hata kiti kikaanguka. "Balifukuzwa, Tata Directeur! Nani aliacha?"

Si mtu mbaya. Anaogopa tu, kama wote. Aliniambia taratibu kwamba mtoto hapewi mwaka bila kutimiza masaa ya mwaka.

"Basi tuhesabu masaa," nilisema. Nilisema kwa hasira tu. Hesabu si kazi yangu, unajua.

Yeye ndiye aliyeshika chaki. Upande mmoja akaandika siku za stesheni nilizomtajia, pamoja na Jumamosi zote na Pasaka. Alifika kwenye Alhamisi ile akasimama.

"Siku ya treni, balisoma?"

"Balisoma asubuhi."

Akaandika nusu siku. Upande wa pili akaweka zetu. Akatoa wiki za mgomo, akatoa siku za fujo, akatoa siku ambazo darasa zima lilirudishwa nyumbani kwa kukosa mwalimu, maana walimu wengi walikuwa wamefukuzwa pamoja nanyi. Akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena. Mara ya tatu alianzia mwisho. Kisha akaketi kwenye benchi la wanafunzi, magoti yamemgusa kidevu.

"Bale ba gare balimaliza mwaka," alisema, kidole kwenye upande wa stesheni. "Betu, hapana."

Akaomba karatasi za mtihani, akazipitia zote, akaandika upya majina. Tuliowabakiza ndio waliopungukiwa, Yaya. Tangu Julai nawafundisha bila likizo, na wiki hii tumefika mahali ulipokuwa kabla ya Pasaka.

Lakini situlii. Nyumba yako ina watu wengine, wameanika vitenge kwenye kamba yako, na mtoto wao wameniletea nimwandikishe. Na nasikia habari za ile treni, za waliougua humo, za makaburi madogo kando ya reli. Watu wakianza kuzisimulia naondoka. Naenda kuchota maji wakati ndoo zimejaa.

Kwa hiyo chukua hili. Kapinga amepita. Amepita vizuri, na zaidi kwenye hesabu. Cheti chake kina sahihi na muhuri, ninacho, kitakuja na mtu wa kwanza atakayeniambia mlipo. Shule yoyote ikitaka kumrudisha nyuma, kataa, piga kelele ile yako.

Na wewe uliyebeba barua hii, ukimkuta mtoto kwanza, usimwambie. Mwite mama yake. Nataka aambiwe na mama yake, na nataka wote wawili wawe hai siku hiyo.

Gari la wafanyabiashara linapiga honi, naacha hapa.

Mudogo wako,
wa nyumba ya pili, Dilala