Nanasi la Kaburini, Nansio

Dada Veronika, shikamoo.

Mume wa mama niliyefikia kwake alizama akivua sangara wa kuuza kwenye viwanda vipya vya samaki, na mwili haukuonekana. “Tulimtafuta siku tatu,” mama huyo ameniambia, “kichwa cha nanasi alilokula asubuhi ile kikikauka kivulini. Ndicho tulichozika badala yake. Kwa kuwa kilishakauka, hakikuoza, kikaota.”

Leo mchana amekata tunda la kwanza. Wanawe wamekataa kulionja, nikapewa mimi. Kipande kilikuwa na joto kama kiganja cha mtu, ingawa mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimekila, dada. Ni kitamu mno.

Mama akanitazama midomo, akauliza polepole, “Anasemaje?”



Wabusu watoto, na usiache kuniombea.

Mdogo wako,
Leokadia